Nyumba Kumi na Tisa Nilizoandika Sifuri

Kosa ni langu. Naanza hapo kwa sababu kwa miezi mingi nimekuwa nikiianza habari hii kwa homa ya mwenzangu, au kwa joto la siku ile, au kwa kampuni iliyotutaka tumalize upesi. Homa ilikuwepo na joto lilikuwepo. Lakini kidole kilichobonyeza sifuri kilikuwa changu, na kilibonyeza mara kumi na tisa.

Jina langu silitaji. Watu wa Amu, yaani mji wa Lamu kama wenyewe wanavyouita, watakaosoma haya watanitambua, na wana haki ya kunitambua.

Mimi si mtu wa visiwani. Nilizaliwa bara, nikaacha shule darasa la saba, si kwa kukosa karo tu bali kwa kushindwa kukaa. Nimekuwa utingo wa lori, nimechimba mitaro, nimeosha vyombo hotelini, nimeuza miwa. Nilikuja Lamu juu ya lori la saruji, nikavuka kwa boti, nikidhani nitakaa wiki moja. Huu sasa ni mwaka wa tano.

Kitu kimoja sijakiacha popote nilipokwenda: kuuliza. Nasoma karatasi ya dawa mpaka mwisho. Nasoma gazeti lililofungiwa mahamri. Nikiona mtu anachonga mlango, nasimama saa nzima nikimuuliza kwa nini patasi hii na si ile. Kwa hiyo iliposikika kwamba kampuni moja ya utafiti inatafuta makarani wa kuzunguka visiwani na kuuliza watu jinsi wanavyoishi, niliona kazi hiyo imeumbwa kwa ajili yangu.

Walitaka watu wa kidato cha nne. Msimamizi, ambaye nitamwita Bwana Kilonzo, alinijaribu kwa maswali matatu, akaniambia nisome ukurasa kwa sauti, akacheka. "Cheti huna, lakini ulimi unao," akasema. "Na boti unazijua. Ingia."

Tulifundishwa kwa siku tano kwenye ukumbi mmoja pale Amu. Utafiti ulihusu kila kitu: watu wanakula nini, maji wanatoa wapi, nani anafanya kazi, nani aliugua, nani alizaliwa, nani alifariki. Majibu yangepelekwa Nairobi, yahesabiwe, kisha yarudi kama mpango: kisima kiende wapi, mwalimu aende wapi, mkunga aende wapi. Mimi nilisisimka. Sikuwahi kujua kwamba kuna watu wanaosoma nchi kama mtu asomavyo kitabu, nyumba kwa nyumba.

Mkufunzi wetu, mama mmoja mtaratibu, alisisitiza mambo mawili. La kwanza, sehemu ya uzazi huulizwa mwanamke mwenyewe, na karani mwanamke, wanaume wakiwa mbali. La pili, mwanamke akishajibu kwamba hajapoteza mtoto, kuna swali moja la ziada la lazima: je, kuna mtoto yeyote aliyezaliwa akalia, au akaonyesha dalili ya uhai, hata kama aliishi saa moja tu?

Niliinua mkono. "Kwa nini tumuulize mara mbili? Si ameshasema hakuna?"

"Ukimuuliza mtu amefiwa na watoto wangapi," alijibu, "atakutajia wa miaka mitano, wa miaka kumi. Yule aliyeishi asubuhi moja hamtaji. Na huyo ndiye tunayemtafuta, kwa sababu ndiye anayetuonyesha mahali ambapo mama akijifungua hana msaada."

Nililiandika hilo kwenye daftari langu na kulipigia mstari. Nawaambia haya ili asitokee mtu wa kunitetea kwamba sikuelewa. Ukumbini mle mimi ndiye niliyeelewa kuliko wote.

Nilipangwa na Saumu, binti wa mtaa wa Mkomani pale Amu, aliyemaliza chuo na kurudi kwao bila kazi. Alikuwa mcheshi na mkali. Siku ya pili tu aliniambia, "Wewe kaka ukiulizwa saa ngapi, utauliza saa ilibuniwa na nani." Tulipatana. Yeye aliingia ndani kwa kina mama, mimi nilibaki nje na wanaume.

Zamu yetu ya tatu ilikuwa Mbwajumali, kisiwani Pate. Asiyejua nyumba za huko namwambia: mbele ya mlango kuna daka, kibaraza cha mawe ambapo mwanamume mgeni hukaribishwa, hupewa kahawa na kuongeleshwa. Ndani ya mlango kuna pazia. Ng'ambo ya pazia si pako. Unaweza kukaa na mwenye nyumba siku nzima na usijue mkewe anaitwa nani, na ukiuliza habari za uzazi umemvunjia heshima.

Tulipewa nyumba ishirini na tatu. Siku ya kwanza Saumu aliingia nne. Mwanzo nilisikia vicheko vyake kutoka ndani. Kutoka nyumba ya tatu alikuja kimya, akaketi kwenye jiwe, akanywa maji chupa nzima.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Andika yako, kaka. Niache niandike yangu."

Usiku huo homa ikamshika, na asubuhi akarudishwa Amu kwa boti akiwa amejifunika leso mbili na bado anatetemeka. Nikampigia Bwana Kilonzo.

"Usiguse sehemu ya kina mama," alisema. "Fanya ya wanaume. Ya kina mama acha wazi. Nitakutumia msichana mwingine, siku tatu hivi."

"Sawa," nikasema.

Sikungoja siku tatu. Hata moja sikungoja. Na sababu ni ya aibu kuliko uvivu. Nilikuwa nimesikia kwamba Siyu, upande wa pili wa kisiwa, kuna fundi anayeshona makubadhi ya ngozi kwa namna ya zamani, na nilikuwa nawaka kutaka kuiona mikono yake ikifanya kazi. Zamu yetu ya nne ilikuwa huko Siyu. Nikimaliza Mbwajumali, naondoka. Hiyo ndiyo sababu. Mtu mzima mwenye ndevu nilitaka kwenda kutazama viatu.

Tableti zilikuwa na rangi. Ukiacha sehemu wazi, fomu inabaki ya njano mpaka mtu arudi. Ukijaza yote, inakuwa ya kijani na unaruhusiwa kuendelea mbele. Kwa hiyo nilianza kuwauliza waume. Kwenye daka, kwa sauti ya chini, kwa adabu: kwako, bwana, kuna msiba wowote wa mtoto? Wote walijibu kama mwanamume wa kule anavyomjibu mgeni. Alhamdulillahi, hatuna neno. Sote wazima.

Swali la ziada sikumuuliza mtu. Utamwambiaje mwanamume, na kahawa yake iko mkononi mwako, je, mkeo alizaa mtoto akalia kisha akafa? Nilibonyeza "Hapana" mwenyewe. Palipoulizwa kama mhojiwa mwanamke alikuwepo, nilibonyeza "Ndiyo". Na kwa kuwa tableti inahesabu dakika, nilikuwa nikiiacha wazi kivulini nusu saa kwa kila nyumba, nikitazama kuku.

Nyumba moja nataka niisimulie. Ilikuwa ya Bwana Shee, mkulima, mtu wa maneno. Aliishi na mkewe, Bi Zeinabu, na binti yao Amina, aliyeolewa lakini akabaki kwao kama ilivyo desturi, mumewe akifanya kazi Mombasa.

"Serikali yataka kuyua nala nini yeo?" Bwana Shee alinitania kwa lahaja yao, ambamo leo ni yeo na kujua ni kuyua. "Andika nala nguru na nyama ya mbuzi. Wakiya wenyewe watapata muhogo."

Nilicheka, nikaandika muhogo. Tulipofika sehemu ile nyingine nikashusha sauti. "Na huyu binti, bwana, ana watoto?"

"Bado. Mngu hajampa."

Nikabonyeza sifuri. Hapo nikasikia sauti ya mwanamke nyuma ya pazia, karibu kabisa, kana kwamba alikuwa amesimama pale muda wote.

"Mwanangu, yule dada uliyekuya naye yana, yuwapi?"

"Ameugua, bibi. Amerudi Amu."

"Nina maneno naye. Atarudi?"

Bwana Shee alitazama kahawa yake. Mimi nilitazama tableti. Fomu ilikuwa imeshageuka kijani.

"Atarudi, bibi," nikasema. "Kesho kutwa."

"Basi nitamngoya."

Kesho yake jioni, nyumba zote kumi na tisa zikiwa zimekwisha, nilimpigia Bwana Kilonzo nikamwambia msichana mwingine hahitajiki, kuna mama mmoja mwalimu wa madrasa amenisaidia kuuliza. Mama huyo nilimbuni palepale. Asubuhi iliyofuata nilikuwa Siyu, nimekaa miguuni pa fundi wa makubadhi, nimefurahi.

Mngeweza kufikiri uovu wangu umeishia hapo. Haukuishia hapo.

Wiki mbili baadaye Bwana Kilonzo alinipigia. Nairobi walikuwa wameona kitu. Katika Mbwajumali, nyumba nne za Saumu zilikuwa na vifo vya watoto wachanga, tena si kimoja. Nyumba zangu kumi na tisa hazikuwa na hata kimoja. "Haiwezekani kijiji kimoja kiwe hivyo," alisema. "Mmoja wenu amekosea. Wewe ulikuwepo. Niambie."

Nilikuwa nimesimama nje ya duka, nimeshika soda. Nakumbuka baridi ya chupa. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, na neno hilo lilikuwa "mimi".

Nikasema, "Saumu alikuwa na homa siku ile. Huenda alichanganya."

Nyumba nne za Saumu zikatolewa. Zangu zikabaki. Yeye hakuitwa tena kazini, akaambiwa tu kwamba majibu yake yana kasoro. Mimi niliitwa mara mbili.

Ripoti ilipokuwa tayari, kulikuwa na mkutano Amu, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliobeba viti na kupanga waya. Ukutani waliangaza ramani ya visiwa. Vijiji vyenye vifo vingi vya wachanga vilikuwa vimekolezwa rangi nyekundu, vyenye vichache rangi hafifu. Mbwajumali palikuwa peupe. Afisa mmoja alieleza kwamba kuna boti moja ya kubebea wajawazito na mkunga mmoja wa kukaa nayo, na kwamba safari hii wataamua kwa takwimu, si kwa siasa. Watu wakapiga makofi. Boti ikapewa kijiji kingine, ambacho nacho kilikuwa na shida, siwezi kusema hakikuwa nayo.

Hata pale ningeweza kusimama. Nilikuwa nyuma, karibu na swichi ya taa. Nilipoambiwa niwashe, niliwasha.

Sasa nifike pale nisipotaka kufika.

Ilikuwa asubuhi, kama saa nne, nami nilikuwa gatini Amu nikipakua mizigo. Boti ya fiba ikaingia kutoka Pate. Watu waliokuwa mbele wakanyamaza, kisha kimya kikafika mpaka kwetu. Ndani ya boti alilazwa mtu aliyefunikwa leso kuanzia kichwani. Pembeni yake aliketi mwanamume ameshika pindo la leso ile lisipeperushwe na upepo. Alikuwa Bwana Shee.

Alinitazama kwa muda. "Wewe ndiwe wa serikali," akasema. Kisha, kwa kuwa nilikuwa karibu na nina nguvu, akasema, "Shika huku."

Nikashika. Tulimpandisha ngazi tukiwa wanne. Hospitali walithibitisha tu kilichokuwa wazi. Kabla ya adhuhuri tulimrudisha ndani ya boti ileile ili akazikwe kwao.

Habari yenyewe niliipata kwa mwenye boti. Amina alishikwa na uchungu jana yake alasiri. Mtoto alitoka amekufa, na damu haikukatika. Walioitwa kumsaidia walisema apelekwe Amu akaongezwe damu. Hapakuwa na boti. Ilipotafutwa na kupatikana, bahari ilikuwa imekupwa, boti imekaa juu ya tope, na ikabidi kungoja maji yajae. Aliondoka nyumbani akiwa anaongea. Alinyamaza njiani.

Niliuliza swali moja, kwa sababu hata siku ile sikuweza kujizuia. "Ni mimba yake ya kwanza?"

"Ya tatu," mwenye boti akasema. "Wawili wa mbele walilia, wakafa kabla ya siku ya saba."

Niliketi juu ya gunia la mchele la mtu mwingine mpaka mwenyewe alipokuja kulidai.

Sisemi kwamba boti ya mkunga ingekuwepo Mbwajumali angepona kwa hakika. Hakika hiyo sina, na nimekoma kuandika nisichojua. Nasema kwamba swali lililotungwa kumtafuta mtu kama Amina lilikuwa mkononi mwangu, mbele ya mlango wake, na mama yake alikuwa amesimama nyuma ya pazia na jibu.

Nilikwenda kwa Bwana Kilonzo, nikamwambia yote. Alifunga mlango wa ofisi kwanza. "Unataka nifanye nini?" akasema. "Data imeshafungwa. Ripoti imechapishwa. Watu wameshaigawa bajeti juu yake." Kisha akasema taratibu, "Na wewe sikukuajiri, unanisikia? Cheti huna." Alikuwa anaogopa. Sikumchukia, kwa sababu woga ule niliufahamu.

Msiba ulipotimiza siku arubaini nikaenda Mbwajumali. Bwana Shee hakuwepo. Alikuwa shamba, na nadhani alikuwa huko siku zote wakati huo. Niliketi kwenye daka, na Bi Zeinabu akaja nyuma ya pazia. Nikamweleza. Niliyapanga maneno safari nzima, na yote yalinitoka ovyo. Nilisema nilidanganya, nilisema juu ya Saumu, nilisema juu ya ramani.

Nje watoto wa jirani walikuwa wakigombania tairi.

"Nalimngoya siku tatu," alisema. "Kila boti ikiya, natuma mtu akatazame."

"Nisamehe, bibi."

"Sikuwa na haya ya kusema. Wanaume ndio wenye haya. Mimi nalikuwa nimeshayapanga maneno. Mtoto wa kwanza alikuwa wa kiume, alilia kwa nguvu, alinyonya mara moya. Wa pili wa kike. Yule hakunyonya. Walikuwa watu hawa. Amina alikuwa akiwahesabu. Wewe ulipoambiwa hana mtoto, yeye alikuwa hapa nami, amekaa chini, akisikia."

Sikujua hilo. Nilidhani nimeshajua yote mabaya, kumbe hilo lilikuwa limebaki. Aliisikia sauti yangu ikikubali kwamba hana.

"Na sasa wataka nikupe radhi ukalale," Bi Zeinabu akasema. Hakusema kwa hasira. "Mwambie kwanza yule dada. Yeye umemwacha akidhani ana kosa."

Mlango haukufungwa kwa kishindo. Nilisikia tu miguu yake ikienda ndani.

Saumu nilimkuta kwao Mkomani, anafundisha watoto wa jirani hesabu. Alinisikiliza akiwa amesimama, na chaki mkononi.

"Mwaka mzima," alisema, "nimekuwa nikijiuliza kama nilisikia vibaya. Nilikuwa na homa, kweli. Nikaanza kusema pengine wale kina mama hawakuniambia. Pengine niliota. Unajua ni kitu gani hicho, kutilia shaka mama aliyekulilia begani?"

Aliiweka chaki chini.

"Kumbe ulikuwa unanijua, kaka. Ulijua nitajilaumu."

Tangu siku hiyo hajanisalimu, na Amu ni mji wa vichochoro, mtu hukutana na mtu. Akiniona anajibanza ukutani ili nipite, kama anavyompisha punda mwenye mzigo.

Nimeambiwa alichukua nakala za majibu yake alizozihifadhi daftarini, zile za nyumba nne, akazipeleka mwenyewe kwenye ofisi za kaunti pamoja na barua. Sijui kama zimesomwa. Barua nyingine nimeiandika mimi, nimeeleza nilivyofanya, nimetia sahihi na namba ya kitambulisho. Nayo sijui kama imesomwa. Kwenye ramani, Mbwajumali bado ni peupe.

Kazi ya utafiti nimeiacha. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba siwezi tena kuuliza. Nikimwona mtu anafanya jambo nisilolijua, swali linapanda mpaka kooni, linarudi. Nilikuwa nikidhani kuuliza ni kupenda watu. Nilipenda maswali. Watu niliwaacha kwenye daka na kahawa zao, nikaenda kutazama viatu.

Kwa hiyo wewe unayetumwa kijijini na tableti, nisikilize. Siku itafika utakapochoka, au utakapoona haya, au utakapotaka tu kuwa mahali pengine. Swali litakuwa mbele yako, na mwenye jibu atakuwa ndani, na hakuna atakayekuona. Usiseme haidhuru, ni nyumba moja. Usidhani Nairobi watagundua. Wakigundua watakuuliza wewe, na utakuwa umeshajifunza kudanganya.

Ukiandika sifuri umesema hakuna, na kuna mtu atakuamini. Kama hukuuliza, usiandike kitu. Acha pale wazi, fomu ibaki ya njano, msimamizi afoke, ufukuzwe ikibidi. Kazi utapata nyingine.